Simu Yako Ilizeeka Kabla Hujainunua

Swali: "Ninauza vitenge na madera hapa Tanga, wateja wengi nawapata WhatsApp. Mwanzoni mwa 2024 nilinunua Samsung Galaxy S10 pale Kariakoo, mtumba wa Dubai, nikaambiwa ni kama mpya. Simu ni nzuri na picha zake zinavuta wateja, lakini tangu niwe nayo haijaapdeti hata siku moja. Nikibonyeza sehemu ya masasisho inaniambia iko sawa. Kijana wangu aliye chuo anasema kampuni imeshaitupa simu hii, M-Pesa na benki yangu ziko hatarini, niachane nayo. Fundi wa mtaani anasema nimpe elfu thelathini aiflashi, aniwekee Android mpya. Nimsikilize nani? Na ni kweli kampuni inaweza kuizima simu niliyoinunua kwa hela yangu?"

Shikamoo mama. Kijana wako amesema kweli kwa sehemu kubwa, fundi usimpe hiyo elfu thelathini, na simu yako hakuna anayeizima. Huna haja ya kuitupa. Ila hela naomba uzitoe humo wiki hii, na nitakueleza jinsi ya kufanya hivyo bila kununua simu nyingine ya gharama.

Nianze na hilo la simu kukuambia iko sawa, maana limewachanganya wengi. Ukibonyeza kitufe cha kutafuta masasisho, simu inauliza kwenye kompyuta za kampuni: kuna kipya cha kwangu? Inajibiwa hakuna, basi inakuandikia kwamba imesasishwa. Haikuambii kwamba hakuna kwa sababu hakitatoka tena. Ukweli umekaa ukurasa mwingine. Fungua Mipangilio, shuka hadi mwisho kabisa kwenye Kuhusu simu, ingia kwenye maelezo ya programu, tafuta mstari unaotaja kiraka cha usalama cha Android, yaani sasisho dogo la kuziba matundu ambayo wezi wanaweza kuingilia. Pana tarehe hapo. Kwenye simu yako sitarajii uone mwaka wa karibu kuliko 2023.

Hesabu yake iko hivi. S10 iliingia madukani Machi 2019 ikiwa na Android 9. Ahadi ya Samsung kwa simu za daraja hilo ilifikia matoleo matatu ya Android na miaka minne ya viraka vya usalama. Matoleo matatu yakaishia Android 12, na miaka minne ikaishia Aprili 2023. Wewe umeinunua mwanzoni mwa 2024. Kwa hiyo siku unahesabu noti pale dukani, simu ikiwa imevalishwa kava jipya na kioo kinang'aa, ilikuwa na miezi kadhaa haihudumiwi na mtu. Saa ya simu huanza kuhesabu siku kampuni ilipoitoa kwa mara ya kwanza duniani. Haianzi siku unayolipa wewe. Ningepewa nafasi ya kubandika sentensi moja kwenye kila meza ya simu Kariakoo, ningebandika hiyo, kwa sababu watu waangalifu kabisa, wanaokagua kioo, betri na hata sauti ya spika, wanapigwa hapo hapo.

Kuhusu kuzimwa: imewahi kutokea, lakini kwa sababu nyingine. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ilifunga mitambo iliyokuwa ikiendesha simu zake za zamani, na kuanzia siku hiyo hazikuwa za kutegemewa hata kwa kupiga na kutuma ujumbe, kwa kuwa simu zile ziliegemea mitambo ya kampuni yenyewe. Na mwaka 2016 Galaxy Note 7 zilipokuwa zinashika moto, Samsung iliishia kutuma sasisho la kuzuia zilizobaki zisichaji tena. S10 yako haiko kwenye kundi lolote kati ya hayo. Itapiga, itapokea, itapiga picha na itaingia intaneti kama kawaida.

Tena kuna vitu ndani yake ambavyo bado vinahudumiwa. WhatsApp, Chrome na programu nyingine za Play Store zinaapdetiwa na wenye programu hizo bila kumuuliza mtengenezaji wa simu. Mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa inataka Android 5.0 kwenda juu na wewe una 12, kwa hiyo wateja wako hawapotei kesho. Lakini kizingiti hupanda taratibu. Chrome iliziacha Android 7 mwishoni mwa 2023, na mwaka 2025 ikaziacha 8 na 9. Siku yako nayo itafika, na huwa haiji kwa kishindo. Huanza na programu moja inayokataa kufunguka, kisha tovuti moja inayoandika kwamba muunganisho si salama. Wenye simu za Android za chini ya 7.1.1 wameshaonja hilo: orodha ya vyeti vya usalama iliyomo ndani ya simu ikizeeka, simu inaacha kuziamini tovuti halali kabisa, na mwenye simu anabaki kuulaumu mtandao na kuongeza bando.

Ambacho hakihudumiwi ni msingi wenyewe, ile Android iliyo chini ya programu zote, pamoja na programu ndogo zinazoendesha chipu, kamera, Bluetooth na modemu, ile sehemu inayoiunganisha simu na mtandao. Humo ndimo matundu yanamogunduliwa kila mwezi. Mwaka 2015 liligunduliwa tundu lililoitwa Stagefright, ambapo ujumbe wa picha au video uliotengenezwa kwa hila uliweza kumwingiza mwizi ndani ya simu ya Android. Mshtuko wake ulikuwa mkubwa hata Google ikaanza, Agosti mwaka huo, kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Usidhani hayo yalikwisha. Septemba 2025 Samsung iliziba tundu kwenye sehemu ya simu inayosoma picha, lililoripotiwa na timu za usalama za WhatsApp na za Meta, kampuni inayoimiliki, na ikakiri kwamba tayari kulikuwa na watu wanalitumia. Picha tu, mama. Simu yenye huduma ilipokea kiraka chake. Simu iliyokwisha muda haipokei viraka vya namna hiyo, na kadiri miezi inavyopita matundu yanayojulikana hadharani yanazidi kurundikana juu yake.

Sasa tuje kwenye hela zako, na hapa naomba nisikutishe kuliko ilivyo.

Kuna mteja wangu mmoja, dada mwenye duka la vipodozi, aliniletea simu inayojiwasha kioo yenyewe usiku. Akaniambia imeingiwa na kitu. Nikaangalia tarehe ya kiraka: miezi miwili tu nyuma, simu nzima kabisa, inahudumiwa. Nikafungua orodha ya programu, nikashuka taratibu, nikakuta moja haina jina wala alama, ni nafasi nyeupe tu kati ya kikokotoo na kamera. Kumbe alitumiwa WhatsApp "kadi ya mchango wa harusi" na namba ya mtu anayemfahamu, ambaye naye akaunti yake ilikuwa imeshatekwa. Faili lile halikuwa kadi. Jina lake liliishia na apk, yaani ni programu. Alipolibonyeza likamwomba ruhusa, akakubali. Likamwomba ruhusa ya ufikivu, ile huduma iliyowekwa kuwasaidia wasioona vizuri, akakubali tena. Kuanzia hapo ile programu ikawa inasoma kila kinachoandikwa kwenye kioo na kila ujumbe unaoingia. Namba ya siri alikuwa anaiandika mbele ya mwizi.

Nimekusimulia hilo ujue kwamba simu mpya peke yake si kinga. Watu wengi niliowaona wamelizwa, wamelizwa kwa kudanganywa: kadi ya harusi, "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu anayejiita huduma kwa wateja na kuomba tarakimu zilizoingia kwa ujumbe. Simu iliyokwisha muda inaongeza hatari ya pili juu ya hiyo, nayo ni kwamba kuna siku hutahitaji hata kubonyeza kitu. Ndiyo maana mimi siweki hela kwenye simu ya namna hiyo, hata kama mwenye simu ni mwangalifu kama wewe.

Dawa yake ni rahisi na unaweza kuifanya leo jioni. Tafuta kiswaswadu, kile cha vitufe cha bei ndogo. Hamishia humo laini yako ya M-Pesa. Menyu ya *150*00# haikai ndani ya Android. Inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, ndiyo sababu inafanya kazi hata kwenye simu isiyojua intaneti ni nini. Kwenye S10 weka laini nyingine ya bando. WhatsApp yako ya biashara itabaki kwenye namba ile ile wateja wanayoijua, kwa kuwa ikishasajiliwa haihitaji laini iwe ndani ya simu hiyo. Siku ikikuomba tarakimu za kuthibitisha, zitaingia kwenye kiswaswadu, na hilo ni jema zaidi, kwa sababu programu chafu ikiwamo kwenye S10 haitaziona.

Programu ya benki iondoe kwenye S10. Kama benki yako ina menyu ya namba kama ya M-Pesa, itumie hiyo kwenye kiswaswadu hicho hicho. Angalizo moja la kibiashara: viswaswadu vingi vina nafasi ndogo ya kuhifadhi ujumbe, kikijaa ujumbe mpya hauingii. Basi kila jioni nakili miamala ya siku kwenye daftari, kisha ufute. Najua ni kazi, lakini hiyo ni hela ya mtaji wako.

Kwenye S10 yenyewe zima Bluetooth ukiwa huitumii. Ingia mipangilio ya WhatsApp uzuie picha na video kujipakua zenyewe, kisha uweke uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya tarakimu sita. Ondoa programu usizozitumia. Usipakie chochote nje ya Play Store, hata kikitoka kwa ndugu wa damu, maana anayekutumia huenda siye. Halafu hakikisha namba za wateja na picha za mzigo zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google, ili siku simu ikikata roho biashara isikate nayo.

Fundi sasa. Sitaki kumvunjia heshima, wengi wao wana mikono ya dhahabu kwenye vioo na betri. Lakini Samsung haikuwahi kutoa Android 13 wala 14 kwa S10, kwa hiyo atakachokuwekea si cha Samsung. Ipo Android iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, maarufu zaidi inaitwa LineageOS, na ni kazi njema inayozipa uhai simu nyingi zilizoachwa; S10 ni mojawapo. Shida ni kwako wewe na kwa matumizi yako. Kwanza angalia namba ya modeli kwenye ule ukurasa wa Kuhusu simu. Ikiwa ni SM-G973F, ndiyo ya soko la kimataifa na inaweza kufunguliwa, yaani kuwekewa mfumo mwingine. Ikiwa ni SM-G973U, imetoka Marekani na mlango wake umefungwa na kampuni. Fundi atahangaika bure. Mitumba ya Dubai ina mchanganyiko wa zote.

Pili, ndani ya simu za Samsung kuna kitu mfano wa fyuzi kinachoitwa Knox. Ukiingiza mfumo usio wa Samsung fyuzi hiyo inakatika na hairudi, hata ukirudisha mfumo wa mwanzo. Folda Salama, ile sehemu ya Samsung ya kufungia mafaili ya siri, inakufa moja kwa moja. Programu nyingi za benki nazo hukagua kama mfumo wa simu ni ule halali, zikikuta umebadilishwa zinakataa kufunguka. Na kamera: ule urembo wa rangi unaokuuzia vitenge unatoka kwenye programu ya kamera ya Samsung, ambayo haihami na mfumo mpya. Utakuwa umelipa elfu thelathini kupoteza kitu kimoja ulichokipendea simu hii.

Na hata baada ya hayo yote, kuna tabaka halifikiwi. Machi 2023 watafiti wa Google walitangaza matundu 18 kwenye modemu za Exynos, jina la chipu za Samsung, manne kati ya hayo yakiwa ya kutisha kiasi kwamba mshambuliaji alihitaji kujua namba ya simu tu. S10 haikuwamo kwenye orodha ile, lakini mfano unafundisha: kiraka cha modemu hutoka kwa mwenye chipu. Watu wa kujitolea hawana namna ya kukitengeneza. Kijana wako akipenda kujifunza LineageOS, ajifunze, tena namtia moyo, ila kwenye simu isiyobeba riziki yako.

Utauliza kwa nini kampuni zinafanya hivi. Kiraka husafiri safari ndefu. Google inakiandika, kisha mwenye chipu, Qualcomm, MediaTek au Samsung yenyewe, anakirekebisha kiendane na chipu yake, kisha mtengenezaji wa simu anakijaribu kwenye kila modeli. Mwenye chipu akiacha kuhudumia chipu ya zamani, mtengenezaji anabaki na kazi kubwa isiyomletea mauzo. Hiyo ndiyo sababu tuliyopewa kwa miaka mingi. Nami naisema wazi: ni sababu ya kweli, lakini haikutosha kamwe. Kampuni ndogo ya Uholanzi, Fairphone, ilitoa simu yake ya pili mwisho wa 2015. Qualcomm ilipoacha kuihudumia chipu ya simu ile kwenye Android 6, Fairphone waliisukuma wenyewe hadi Android 10 na kuihudumia mpaka Machi 2023. Kama kampuni ndogo iliweza, kubwa zilikuwa hazitaki. Na zilipotaka, mambo yalibadilika ghafla: Google ikaahidi miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8 mwezi Oktoba 2023, na Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 Januari 2024.

Sheria nazo zimesaidia. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji wa simu lazima atangaze itahudumiwa kwa viraka hadi lini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka masasisho yapatikane bila malipo kwa angalau miaka 5 tangu modeli ilipoacha kuingizwa sokoni, na vipuri kwa miaka 7. Ona walivyoigeuza hesabu: saa inaanza modeli inapoacha kuuzwa. Inaniuma kwamba simu hizo zinapochoka huko ndizo zinazosafirishwa kuja kwetu na kuuzwa kwa jina la "kama mpya", na mnunuzi wa huku hana karatasi hata moja inayomwambia muda uliobaki. Ningependa wenzetu wa mamlaka za mawasiliano na ushindani wa biashara walitazame hili, maana tarehe ile inajulikana na inaandikika kwenye boksi.

Simu ikianza kuwa nzito, usikimbilie kuisema kampuni inaihujumu. Mambo hayo yamewahi kutokea. Mwaka 2018 Italia iliwapiga faini Apple na Samsung kwa masasisho yaliyozipunguzia kasi simu za zamani. Lakini yako haipokei masasisho yoyote, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni betri. Hapo ndipo fundi wako apewe kazi, aibadilishe. Ukishafunguliwa mgongo ule wa gundi, usiiamini tena kwenye maji.

Mwisho, siku ya kununua nyingine. Acha kuanzia kwenye jina kubwa. Galaxy S21 ya mtumba itakuvutia kuliko Galaxy A16 mpya, na kwa kamera inaishinda. Lakini S21 ilitoka Januari 2021 na viraka vyake viliahidiwa miaka mitano tu, yaani hadi mwanzoni mwa 2026. A16 ilitoka mwishoni mwa 2024 na ahadi ya miaka sita, yaani hadi 2030. Kwa simu itakayobeba hela, mimi nachukua A16. Ukipenda iPhone, fahamu kwamba Apple huhudumia kwa muda mrefu, hata iPhone 5s ya 2013 ilipata kiraka Januari 2023, lakini iPhone X imekwama kwenye iOS 16 (iOS ndio mfumo wa iPhone), na XR na XS hazikupewa iOS 26, toleo la mwaka 2025.

Ukifika dukani, kabla ya bei, mwambie muuzaji aiwashe simu na aunganishe intaneti. Mwache afungue Kuhusu simu mbele yako. Soma namba ya modeli, soma tarehe ya kiraka, kisha tafuta kwenye simu yako modeli hiyo ilitoka mwaka gani na iliahidiwa miaka mingapi. Simu iliyokaa kwenye boksi inaweza kuonyesha tarehe ya nyuma kidogo. Mwombe abonyeze masasisho na usubiri kidogo, ikianza kupakua, hiyo iko hai. Ikikuandikia iko sawa huku tarehe ni ya mwaka juzi, mrudishie simu yake uende meza ya pili.